Kesho Sitakusindikiza

Biira mwanangu,

Kesho asubuhi sitakusindikiza. Naanza na hilo kwa sababu najua utageuka nyuma ukifika kwenye kona ya kanisa, utanikosa, halafu utakaa kwenye basi ukijiuliza umenikosea nini. Hujanikosea kitu. Baba yako ndiye atakubebea begi hadi stendi ya Bwera, na kwa kusindikiza yeye ni mtu mzuri, maana njiani hasemi neno. Sababu yangu nitakupa, ila si hapa mwanzoni. Unanijua, siweki chumvi yote mezani kabla mteja hajasimama vizuri.

Barua hii naiweka chini ya karanga. Nakujua huanzi kula kabla ya Kasese, na ukishapita Kasese huwezi tena kumwambia dereva asimame. Kwa hiyo ukisoma haya, kwako ile kesho yangu imeshapita. Usione ni ujanja. Au ona, kwani lini umeniona sina ujanja?

Sasa hivi uko Rukoki kwa dada yako Masika, umekwenda kuaga. Mvua inapiga mabati, soko limefungwa mapema, na mimi nimekaa kwenye kiti chako kati ya karatasi zako za rangi rangi. Naandika Kiswahili kile tulichofundishwa na masista kule Butembo nilipokuwa msichana, basi usicheke ukiona mama yako anaandika kama kitabu cha misa. Mambo ya kupika, ya kufunga mlango na ya vijana wa Kampala sitayagusa. Shangazi yako anayekupokea anayajua kuliko mimi, na mdomo anao.

Nataka tuongee juu ya hiyo kazi yako.

Tangu ile ofisi ikuite, nimeishuku. Ofisi gani inamlipa mtu mshahara akae kwenye kiti asome maneno ya watu wengine? Nimemuuliza baba yako, akasema, "Mama Masika, wewe hata mvua utaiuliza nani anaituma." Ni kweli, swali langu ni hilo hilo kwa kila anayepiga hodi: nani anakutuma? Limeniudhia wageni wengi, lakini limenizuilia mabaya mengi. Wahenga hawakusema kikulacho ki nguoni mwako ili tupate cha kuandika kwenye kanga.

Nakumbuka siku uliporudi kutoka kwenye mafunzo Kasese mjini, ukanieleza kazi yenyewe huku tunachambua maharagwe. Watu wanaulizwa maswali, maneno yao yanarekodiwa, yanaandikwa yote kama yalivyo, halafu mtu kama wewe anayasoma mstari kwa mstari na kukipa kila kipande jina fupi. Mwalimu wenu aliliita msimbo, mimi nikasema ni alama tu. Alama zinazofanana unaziweka pamoja, unazilinganisha, unarudi kusoma tena, na polepole unaona watu wanasema nini kwa jumla. Nikakuuliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "Na bakidanganya?" Wewe ukacheka. Mimi sikucheka, Biira. Mimi nilikuwa najiuliza kama nikuambie.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mkalimani wa watafiti. Hilo unalijua, lakini unalijua kama sifa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolisimulia siku zote. Wageni walikuwa wanafika na maswali yao ya Kiingereza au ya Kifaransa, na mimi nilikuwa na Kifaransa cha shule, Kiingereza cha kuokoteza, Kiswahili na lugha yetu, na miguu ya kutembea. Walinipeleka Katwe kwenye ziwa la chumvi. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuwa amefanya kazi kwenye vidimbwi vya chumvi tangu ujana wake. Aliulizwa swali moja tu, kazi iko namna gani. Akajibu muda mrefu sana. Alianza na ngozi ya miguu yake, jinsi maji yale yanavyoingia kwenye kidonda. Akahamia kwa mume wake aliyekuwa anampaka mafuta jioni, ambaye amekufa, na tangu afe hajipaki tena, si kwa kukosa mafuta. Akaongea juu ya mbuzi. Mbuzi huyo mpaka leo sijui alihusika vipi. Jua lilikuwa kali, mgeni ananiangalia na kalamu mkononi, na mimi njaa inaniuma.

Nikamwambia mgeni, "Anasema kazi ni ngumu."

Akaandika. Yule mama aliangalia mdomo wangu, akaangalia kalamu, akaona maneno yake yote yameingia kwenye kijineno kidogo namna hiyo. Alirudi kwenye maji yake. Siku hiyo niliwatafsiria watu wengi, na karibu wote walisema kazi ni ngumu, kwa sababu aliyekuwa anasema ni mimi. Mgeni alifurahi kwamba majibu yanafanana. Mimi pia nilifurahi, tulimaliza mapema.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ambamo watu kumi wa rika mbalimbali wanaongea kwa maneno yale yale, mafupi, safi, usiwashuku wao kwanza. Mshuku mkalimani. Tafuta sauti ilipo, isikilize, hata kama huelewi lugha utasikia mtu ameongea mpaka amechoka na karatasi ina mstari mmoja. Na ukikutana na mbuzi ambaye humuelewi, mpe alama yake, mwache akae. Usimtoe kwa sababu anaharibu mpangilio.

Hilo lilikuwa kosa la uvivu. Lililofuata lilikuwa la akili nyingi, na ni baya zaidi.

Unakumbuka bomba la maji pale sokoni, lile ambalo watoto huchezea. Najua umewahi kuniuliza kwa nini kuna bomba na hakuna paa. Nilikujibu kwamba serikali haina akili. Serikali ina mambo yake, lakini katika hili haikuwa na hatia. Walikuja watu wa kuuliza wauza soko wanahitaji nini. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa umezuka uvumi kwamba atakayelalamikia soko ataonekana hataki kuwa pale, na sote tutahamishwa. Lisemwalo lipo, tukaogopa. Mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama wa chumvi, na kwa vile nilishafanya kazi na watafiti, nilionekana najua tabia zao. Nikawakusanya nyuma ya kibanda cha samaki.

"Bakiuliza, sisi bote tuseme maji," niliwaambia. "Mutu asiseme paa. Ukisema paa, batasema soko ni mubaya, batatuhamisha."

Kyakimwa, rafiki yangu yule mwembamba, alishangaa. "Lakini maji iko, Mama Masika. Muto iko pale."

"Njo maana," nikamwambia. "Maji hainaka kesi, haikasirishi mutu."

Wote wakasema maji. Aliyeulizwa juu ya afya alisema maji. Aliyeulizwa juu ya watoto wa shule alisema maji. Kijana aliyekuwa anarekodi alinifuata jioni akiwa na furaha usoni, akaniambia hawana haja ya kuuliza wengine, kwa sababu kila mtu mpya anasema kile kile na hakuna jambo jipya linalotoka. Wewe umenifundisha kwamba jambo hilo lina jina katika kazi yenu, ule wakati ambapo majibu yamejaa na mtafiti anaruhusiwa kuacha kuuliza. Ulipolitaja mezani hapa niliinuka nikajifanya naangalia sufuria.

Bomba likaja na mvua ikaja. Chumvi haitaki mvua, hilo hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa na turubai. Kyakimwa alikuwa ametandaza magunia juu ya magunia, na mvua ile ilikuwa ya upepo, ikaingia chini. Tulipofika asubuhi mzigo wake wote ulikuwa umekuwa maji meupe yanayotiririka kuelekea kwenye lile bomba. Aliniangalia. Angeweza kunitukana na ningemshukuru. Aliokota magunia yake matupu, akayakung'uta, akaondoka, na baada ya hapo alibeba mizigo ya watu wengine hadi mwili ulipokataa. Bado tunasalimiana kanisani. Ananiuliza habari, namwambia nzuri, namuuliza habari, ananiambia nzuri.

Watu wote wakisema neno moja, mwanangu, usifurahi. Uliza nani aliwakalisha nyuma ya kibanda. Na muulize huyo aliyewakalisha alikuwa anaogopa nini, maana hakuna mtu anayepanga uongo mkubwa namna ile bila woga mkubwa nyuma yake.

Sasa utasema, sawa, mama ananifundisha kushuku kila mtu. Hapana. Naijua ile siku ya karatasi ya njano na wewe unaijua. Mwalimu wenu alikuwa amekupa mahojiano ya kujifunzia kwenye karatasi ya njano, ukaniambia kazi hiyo huwa inafanywa na watu wawili mbali mbali, kila mmoja na alama zake, halafu wanalinganisha. Ukanipa nakala na kalamu. Ilikuwa ni mama fulani anayesema mume wake anamwachia uhuru wa biashara, anavuka mpaka, analala huko, anarudi, hakuna neno. Wewe uliandika pembeni, "mume anamuamini." Mimi niliandika, "anaogopa kusema." Tukagombana hadi uji ukaungua.

"Inaonyesha wapi, Mama?" uliniuliza. "Nionyeshe mustari."

"Mustari ya nini? Hakuna mwanaume kama huyo."

"Baba je?"

Nikainamia karatasi, kwa sababu Baba yako ni wa namna hiyo hiyo. Ndipo ukasema lile neno ambalo sijakusamehe na ambalo nataka ulibebe kwenye begi lako kuliko yote niliyokuandikia hapa. Ulisema, "Mama, wewe hausomi hii karatasi. Unasoma woga yako."

Niliiacha meza nikaenda kupima chumvi ambayo nilikuwa nimeshaipima. Ulikuwa umesema kweli. Kushuku kunasaidia, kunamfanya mtu asome mara mbili, lakini mtu akishuku sana anaacha kusoma kabisa, anakuta kila mahali kile alichokuja nacho. Nilimuangalia yule mama wa kwenye karatasi nikamvika uso wangu. Tangu siku hiyo, nikitaka kuandika kitu pembeni, nasikia sauti yako inaniuliza inaonyesha wapi. Inaniudhi sana. Usiache kuuliza hivyo hata kwa mabosi wako.

Nakuja kwenye kusindikiza.

Sisi huku mgeni hatumwambii shida akiwa amekaa. Ukimwambia shida yako wakati anakunywa chai yako, ni kama unamwomba kitu au unamfukuza. Mgeni anapewa kiti, anapewa kikombe, anapewa habari nzuri. Akisema sasa naenda, unachukua shuka yako, unatoka naye, na kule njiani, mkitembea bega kwa bega bila kuangaliana, ndipo mambo yanatoka. Bibi yako, mama wa baba yako, alikaa kwangu mchana mzima akisema yuko mzima kabisa, uvimbe wake akanieleza tulipofika kwenye mti wa parachichi wa jirani. Mimi mwenyewe posa ya baba yako niliikubali njiani. Ndani nilikuwa nimekataa, kwa heshima.

Watafiti nao wanafanyaje? Wanauliza ndani. Wakimaliza wanasema asante sana, wanabonyeza simu inazimika, wanaitia kwenye mkoba. Halafu mwenye nyumba anainuka kuwasindikiza, anawaambia yale ambayo walivuka milima kuja kuyatafuta, na wao wanatikisa kichwa wakiangalia kama boda imefika. Nilikuwa nao miaka yote ile, nimesikia mambo ya njiani ambayo hayakuandikwa popote, na sikuwahi kuwaambia rudisheni kalamu. Niliona ni siri yetu. Sasa sina hakika ilikuwa siri au ilikuwa hasara.

Ni mmoja tu aliyefanya tofauti, na huyo unamjua. Doreen.

Wewe unafikiri Doreen alikuja hapa akaona karatasi zako, akakuambia juu ya ofisi yao, na mambo yakaenda vizuri kwa bahati. Hukuwepo alipofika, ulikuwa Karusandara kwa mavuno. Alikuja kuuliza wazazi wa mpakani wanaonaje watoto wao wanapoondoka kutafuta kazi. Nilimuuliza nani anakutuma. Akanipa karatasi ya ruhusa, nikaisoma yote, hata upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu. Akasema jina langu halitaandikwa, nichague jina lingine. Nikachagua, nitakuambia ni lipi. Kisha akawasha simu.

Akaniuliza, mtoto wako akipata kazi mbali, utajisikiaje?

"Aende tu," nilimjibu. "Sina shida. Mutoto si kuku ya kufunga kamba."

Alitabasamu, nami nikatabasamu. Nilisema mengine mengi ya namna hiyo, mazuri sana, yangefaa kuhubiriwa. Akazima simu. Nikampa ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, na wakati anakula ndipo akaona karatasi zako mezani, akauliza ni za nani. Akasema ofisi yao inatafuta mtu wa kuweka alama ambaye anajua Kiswahili cha huku pamoja na lugha yetu, kwa sababu wale wa Kampala wanapotea njia kwenye maneno ya watu. Kwa hiyo, Biira, mwizi nilimfungulia mlango mwenyewe, nikamwongezea na sombe.

Nikamsindikiza. Tulipopita kona ya kanisa mdomo wangu ukafunguka, kama unavyofunguka siku zote nikifika pale.

"Nilikudanganya kule ndani," nikamwambia. "Sitaki aende. Masika aliolewa, baba yake eko kwa kiwanda ya simenti mpaka mwisho wa wiki. Huyu njo pekee minaongeaka naye. Akienda nitaongea na chumvi? Kila misa minaomba Mungu asipate kazi. Minaomba ashindwe."

Doreen alisimama. Siyo kwa kutafuta boda, alisimama na kuniangalia. Akasema, "Mama, hii naweza kuandika? Ama ibaki yetu?"

Katika maisha yangu yote ya watafiti, sikuwahi kuulizwa hivyo, na mimi sikuwahi kumuuliza mtu hivyo. Nikamwambia, "Andika. Lakini mutoto asione."

"Hiyo siwezi kukuahidi, Mama. Jina itaondolewa, lakini maneno itabaki, na sijui nani atasoma."

Angeniahidi ningemshuku, na ningekataa. Kwa kuwa hakuahidi nilikosa cha kumshika nacho. Nikamfikiria Kyakimwa na magunia yake, nikafikiri kwamba mara moja kabla sijafa ningependa kuona nikisema paa pale ninapotaka paa. Nikamwambia aandike. Aliandika akiwa amesimama, mkoba ameubana kwapani.

Sasa unajua. Niliomba ushindwe. Siyo mara moja kwa hasira, niliomba kwa utaratibu, nikipiga magoti, na mishumaa niliwasha. Na kuna lingine, wala hili Doreen halijui. Siku ile ofisi ilipopiga na wewe ulikuwa umeacha simu ikichaji hapa, niliiona ikilia. Nilikaa nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, nikaifunika na kitambaa cha meza. Uliporudi ukakuta namba, ukapiga mwenyewe, ukaruka ruka humu ndani ukanikumbatia, ukaniuliza kama sikusikia ikilia. Nilisema nilikuwa uani. Nimeona haya kuandika hayo, lakini ningeona haya zaidi kama ungeyagundua mwenyewe siku moja na mimi nimeshanyamaza milele.

Nimekuambia kwa sababu karatasi hizo zitakufikia. Ofisi ni ile ile, utafiti ni ule ule, na wewe umechukuliwa kuweka alama kwenye maneno ya watu wa huku. Nimewaza kwamba labda walifanya makusudi, wamchukue mtoto ili wajue mama ni nani. Baba yako anasema hakuna mtu Kampala mwenye muda wa kunifikiria mimi kiasi hicho. Pengine. Lakini sikutaka ukae mbele ya kompyuta, kati ya watu usiowajua, ukutane na mwanamke wa Bwera anayeomba mtoto wake ashindwe, uanze kumhurumia huyo mtoto, halafu katikati ya mstari umtambue.

Utamtambua kwa jina. Doreen aliponiambia nichague, nilikumbuka ulivyokuwa mdogo, ulivyokuwa unarudi kutoka sokoni umevimba mashavu kwa sababu kila mtu ananiita Mama Masika na hakuna hata mmoja anayeniita Mama Biira. Nilikuwa nakuambia mama huitwa kwa mtoto wa kwanza, ndivyo ilivyo, na wewe unasema basi nami ningezaliwa kwanza. Nikamwambia Doreen aandike Mama Biira. Ni jina zuri la kujifichia, kwa maana kwetu kila binti wa pili ni Biira, na wilaya hii imejaa mama zao. Hakuna mtu atakayejua ni mimi, isipokuwa mmoja.

Ukifika kwenye karatasi hiyo, usiifiche chini ya nyingine na usikae nayo kimya. Waambie wakubwa wako, huyu ni mama yangu, mpeni mwingine aisome. Wakikuuliza umejuaje, sema ameniambia mwenyewe, na waache washangae. Ila kama itakuwa lazima mkono wako upite hapo, nakuomba jambo moja. Utakuta mwanamke mmoja amesema aende tu, sina shida, na mwanamke huyo huyo amesema naomba ashindwe. Mtu wa haraka atasema la ndani ni uongo na la njiani ni kweli, achague moja. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Wiki hii nimekuangalia unakunja nguo, unaimba bila kujua unaimba, na nimefurahi mpaka nimekasirika. Sasa sijui tena ni lipi nililodanganya. Ziache kauli zote mbili, zikae jirani, hata kama zinagombana.

Sikuombi uniandikie kwamba umenisamehe. Andika kwanza kwamba umefika.

Mvua imekatika na nasikia pikipiki inapanda, huenda ni wewe. Basi sababu yangu ni hii. Nikikusindikiza kesho, tutafika kwenye kona ya kanisa, na pale mimi sina uongo. Nitakuambia baki. Na wewe, pamoja na ubishi wako wote, ni mtoto wa kusikia, utabaki, utauza chumvi na mimi, na kila mvua ikinyesha nitakuangalia kama ninavyomwangalia Kyakimwa. Ndani ya nyumba mimi ni hodari. Kwa hiyo kesho nitakuaga nikiwa upande wa ndani wa kizingiti, mguu wangu hautavuka, na nitakuambia nenda tu, sina shida.

Ukifika kwenye mstari huu utakuwa umeshanisikia. Rudia kusikiliza, polepole, kama ulivyofundishwa.

Ni mimi,
Mama Biira